Hatua ya Thelathini na Nane

Kwenye kibaraza cha kinyozi Fermín, hatua chache kutoka stesheni ya reli ya Camagüey, palikuwa na kiti cha chuma ambacho kwa miaka kumi na moja, alasiri baada ya alasiri, kilikuwa cha Reinerio Varona. Si kwamba alikinunua. Kanuni ya pale ilikuwa moja, na hata mbwa wa mtaa waliijua: anayeshinda anabaki, anayeshindwa anasimama. Kila mchezaji wa sataranji anawekewa dakika tano kwenye saa ya mbao yenye nyuso mbili. Ukishacheza unabonyeza, zako zinasimama, za mwenzako zinaanza kukimbia. Dakika zako zikiisha, kibendera chekundu kinaanguka na wewe unainuka kwenda mwisho wa foleni. Reinerio alikuwa anatoka karakana ya reli saa kumi, mafuta ya breki yamemjaa kwenye kucha, anapanga foleni mara moja kama watu wote, anakaa, na kuinuka kwake ni mpaka Fermín afunge mlango.

Walimwita Umeme. Alicheza huku anamenya chungwa. Waliojiona hodari aliwaachia dakika zao tano, yeye akajiwekea moja, na bado ikambakia ya kuwatania. Mdomo wake ulikwenda sawa na mkono. Mzee Argelio, kondakta mstaafu wa treni, alikuwa akishindwa naye kila siku ya Mungu, na kila siku alirudi, kwa sababu kushindwa na Umeme kulikuwa na raha yake.

"Mzee Argelio, hiyo ngome umeiweka hapo kwa hiari yako, au imeshuka kituo kisicho chake?"

"Cheza, wewe. Acha kelele."

"Nimeshacheza. Nakusubiri wewe na mimi nazeeka."

Nje ya kibaraza kile, lakini, Umeme alikuwa nani? Fundi breki wa miaka arobaini na mmoja, mke ameshamkimbia, analala chumba cha nyuma kwa dada yake Edelmira, na shemeji anayehesabu vijiko vya sukari anavyotia kwenye kahawa. Alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja, cheo cha maestro, yaani bingwa anayetambuliwa rasmi, na hakukitaka kwa ajili ya kujipiga kifua. Chuo cha sataranji cha mkoa kilikuwa na mwalimu mmoja wa watoto, Onelia Betancourt, naye alikuwa anakaribia kustaafu, na nafasi yake haikuweza kupewa mtu asiye maestro. Onelia ndiye aliyemfundisha Reinerio mwenyewe, tangu ana miaka tisa na miguu haigusi sakafu. Alitaka nafasi ile iende kwa mwanafunzi wake huyo. Reinerio naye aliitaka mpaka ikamkosesha usingizi: chumba chenye mbao ishirini za sataranji, watoto, na asubuhi zisizonuka mafuta.

Mara tatu alifika fainali ya mkoa, ile michezo mirefu ya saa nne na tano, na mara tatu akaanguka mlangoni. Ile ya tatu ndiyo iliyouma. Alikuwa na mchezo mzuri, saa yake imejaa muda, mwenzake akaacha askari mmoja bila ulinzi, na kabla Reinerio hajafikiri lolote vidole vyake vilikuwa vimeshamshika malkia ili amle yule askari. Ulikuwa mtego. Aliuona akiwa bado ameshika malkia hewani. Na sheria haina huruma: kete uliyoigusa ndiyo utakayoicheza.

Wiki ile ile Onelia akaja kibarazani. Hakuwa na desturi ya kufika pale, na wanaume waliokuwa wakisubiri kunyolewa walikaa vizuri kama watoto wa shule. Alikuwa na daftari. Alikuwa amepitia michezo yote ya fainali tatu za Reinerio, akatafuta hatua mbovu, akakuta kumi na tisa, na katika hizo, kumi na saba Reinerio alizicheza bila hata kufikiri dakika moja. Akamwambia anyooshe mkono wa kulia, akaushika.

"Huu ndio unaocheza," akasema. "Wewe unakuja baadaye, kuangalia umefanya nini."

Alichotaka ni hiki: mpaka fainali ijayo, miezi kumi na minne, Reinerio asiguse mchezo wa dakika tano. Hata mmoja. Hata siku ya kuzaliwa kwake.

Basi kibaraza kikalipuka. Argelio alisema mwalimu anataka kumuua mtu, kwamba mchezo wa mbio ndio shule yenyewe, hapo ndipo jicho linapojifunza, na mtu ambaye hajaona mitego elfu kumi kwa haraka atauona upi polepole? Mwingine akasema mchezo wa mbio ni maji ya miwa tu, matamu, unashiba tumbo la uongo, na usiku njaa iko pale pale. Wakabishana mpaka Fermín, ambaye hajawahi kusogeza hata askari, akatishia kuwafukuza wote. Na hakuna aliyeshinda ubishi ule, kwa sababu haushindiki. Wahenga wenyewe walisema haraka haraka haina baraka, kisha wakakaa, wakafikiri, wakasema na ngoja ngoja huumiza matumbo, wakajiendea zao. Hakuna aliyebaki nyuma kutuambia ipi ni ya lini.

Reinerio akala kiapo mbele ya watu wote. Akainuka kwenye kile kiti bila kushindwa na mtu, jambo ambalo halijawahi kutokea pale. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Yosbel, kijana wa miaka kumi na tisa wa kiwanda cha chupa, mwembamba, mwenye mkono mwepesi kama mwizi.

"Nakutunzia, mzee," Yosbel akasema akikaa. "Kisije kikapata baridi."

Ikaanza miezi ile. Kila jioni sebuleni kwa Onelia, viti viwili vya kubembea, ubao katikati, kahawa kwenye chupa ya chai. Alimfundisha upya kama mtu anayefundishwa kutembea baada ya kuvunjika mguu. Kwanza, kukalia mikono: viganja chini ya mapaja, na visitoke mpaka akili imesema. Pili, kuandika. Kwenye michezo mirefu kila mchezaji huandika hatua zake kwenye karatasi. Kwa kawaida unacheza kisha unaandika. Onelia aligeuza. Uandike kwanza, uitazame hatua yako kwenye karatasi kama ya mtu mwingine, ujiulize inaacha nini nyuma, ndipo ucheze. Kalamu, jicho, kete, saa. Kalamu, jicho, kete, saa. Maelfu ya mara.

Iliuma, tusidanganyane. Njia ya kutoka karakana ilipita mbele ya Fermín, na ile sauti ya viganja vikipiga saa ilimwita kama harufu ya nyama inavyomwita aliyefunga. Siku za mwanzo alipita akitazama ukuta wa upande wa pili. "Umeme umekatika," Argelio alimpigia kelele, "Camagüey nzima tuko gizani," na watu wakacheka, naye akacheka, na kesho yake akaanza kuzunguka kwa nyuma, kwenye kiwanda cha ngozi kinachonuka, akiongeza robo saa ya mwendo ili asiisikie ile sauti.

Mwezi wa sita kitu kikafunguka. Alianza kuona. Zamani alikuwa akiona mitego. Sasa aliona mchezo mzima, kwa nini farasi huyu ana huzuni kwenye kona yake, kwa nini askari yule atakuja kulia baada ya hatua ishirini. Jioni moja alimwonyesha Onelia mpango ambao yeye Onelia hakuwa ameuona, na yule mwanamke mgumu akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji kahawa. Reinerio alitembea kurudi nyumbani akiwa na furaha, furaha safi, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nyumbani waliona mabadiliko mengine. Akitumwa mkate, anasimama mbele ya mikate miwili inayofanana. Jumapili wakicheza dhumna anakalia mikono, na shemeji anasema, "Mwacheni, anasubiri dhumna ziive." Edelmira alicheka, lakini alimtazama kaka yake kwa jicho la wasiwasi. Yeye mwenyewe aliona ni bei ndogo.

Fainali ikafika. Wachezaji kumi, ukumbi wenye feni mbili na moja yake haizunguki. Reinerio alicheza kama hajawahi kucheza, na saa yake kila mara ilikuwa karibu kwisha, na kila mara iliponea chupuchupu. Onelia aliliona hilo. Alisema litajirekebisha.

Siku ya mwisho aliyekuwa mbele yake kwa nusu pointi alikuwa nani? Yosbel. Mtunza kiti. Kijana ambaye kwa miezi kumi na minne alicheza dakika tano kila alasiri iliyoumbwa, ambaye hakuwahi kukalia mkono wala kufungua daftari, na alikuwa akiingia ukumbini na kipande cha mkate wenye croqueta, kile kitafunio cha kukaanga, mdomoni, anacheza haraka, anashinda, anatoka nje kuongea na wasichana. Hesabu ilikuwa rahisi. Reinerio akishinda, maestro ni yeye. Wakitoka sare, ni Yosbel. Akishindwa, ni Yosbel.

Kila mmoja alikuwa na saa mbili za kucheza hatua arobaini. Reinerio alicheza kete nyeupe. Nimewasikia watu wanaojua wakisema mchezo ule, mpaka hatua ya thelathini na mbili, ni mzuri kuliko wowote uliochezwa mkoani kwa miaka mingi, na sioni sababu ya kuwabishia. Alimbana yule kijana taratibu, bila kelele, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba moja moja. Kwenye hatua ya thelathini na mbili alitoa farasi bure. Alifikiri dakika nane kabla ya kumtoa, na alikuwa sahihi. Yosbel alipoelewa, uso ukamshuka.

Zilibaki dakika tatu kwa hatua nane. Yosbel alikuwa na dakika hamsini.

Dakika tatu! Kwa Umeme wa kibarazani hiyo ilikuwa sikukuu. Angecheza hatua nane, akamaliza chungwa, akamtania mtu. Na sheria ilikuwa upande wake, maana mchezaji aliyebakiza chini ya dakika tano halazimiki kuandika. Acheze tu, karatasi ataijaza baadaye. Reinerio aliijua sheria hiyo kuliko jina la shemeji yake. Lakini mkono wa kulia ulipotoka chini ya paja haukwenda kwenye kete. Ulikwenda kwenye kalamu. Akaandika, akatazama, akaweka kalamu, akacheza, akabonyeza saa.

Onelia alikuwa amesimama nyuma ya kamba na watazamaji. Kusema ni marufuku. Alitamka "acha kalamu" kwa midomo bila sauti, mara mbili, mara tatu, lakini Reinerio hakuwa anamtazama. Alikuwa ndani ya mchezo, mahali pale Onelia mwenyewe alipompeleka. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Kibendera cha saa yake kilikuwa kimeshaanza kuinuliwa na mshale. Hatua ya thelathini na sita akaandika vibaya, akafuta, akaandika tena. Argelio, nyuma kabisa, alifunga macho.

Kwenye hatua ya thelathini na nane aliona mwisho. Ngome yake ishuke hadi mstari wa saba, na baada ya hapo mfalme wa Yosbel hana pa kwenda. Hatua mbili zaidi, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angeweza kuzuia. Aliona yote, mpaka chini, na akajua kwa nini. Moyo ukampanda kwa raha. Akachukua kalamu akaiandika ile hatua, kwa mwandiko mzuri, akaitazama.

Kibendera kikaanguka.

Hakikuwa na kelele. Mwamuzi, bwana mmoja mpole aitwaye Amado Recio, alisubiri kidogo kama mtu anayetumaini amekosea, kisha akasema muda umekwisha. Yosbel hakuitazama saa. Alikuwa bado anautazama ubao, na rangi imemtoka.

"Mzee, ulikuwa umeshanimaliza," akasema. "Ngome tu. Ulikuwa unaweka ngome tu."

"Najua," Reinerio akasema. Akaigeuza karatasi ili kijana aisome.

Watu walitawanyika haraka, kama inavyokuwa msibani pasipo na chakula. Onelia na Reinerio walikaa kwenye benchi nje ya ukumbi, yeye Onelia ameishika ile karatasi. Hatua thelathini na saba zilizochezwa na moja isiyochezwa. Reinerio hakulia. Aliuliza kitu kimoja, na aliuliza bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwalimu, yule anacheza dakika tano kila siku. Kwa nini hazikumharibu?"

Onelia alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne, ametoa watoto waliokwenda kucheza mpaka Havana.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo."

"Daftari lilisema."

"Daftari lilisema ulikosea haraka. Sikuandika mara ngapi ulipatia haraka. Sikuhesabu." Akaikunja karatasi, akaikunjua tena. "Nisamehe."

Alimsamehe. Afanye nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga alikuwa mtu aliyempenda.

Septemba Yosbel alianza kufundisha watoto. Alifundisha vizuri, wasema wazazi, aliwachekesha. Reinerio alibaki na breki zake. Kwa wiki tatu aliendelea kuzunguka kwa nyuma, kwenye kiwanda cha ngozi, ingawa kiapo kilikuwa kimekwisha na hakuna kilichomzuia. Alijiambia anapumzika. Kweli ni kwamba kibaraza kile ndicho kilichokuwa kimebaki, na aliogopa kukigusa.

Siku ya Alhamisi akaenda. Walipomwona akivuka barabara wakapiga makofi, Fermín akatoka na mkasi mkononi, Argelio akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Yosbel, aliyekuwa kwenye kiti, akainuka mara moja.

"Kaa, mzee. Kiti chako."

"Hujashindwa," Reinerio akasema. "Nani wa mwisho?"

Mtu akainua kidole, naye akasimama nyuma yake, kama kila mtu afanyavyo kwa mkate, kwa basi, kwa kila kitu. Foleni ilikwenda haraka, Yosbel akiwainua mmoja baada ya mwingine. Zamu ikafika. Mtu akamletea chungwa, akaliweka karibu na saa, na watu wakasogea.

Hatua nane za kwanza zilikwenda. Ya tisa Yosbel alimtolea kitu, mtego mdogo, wa aina ambayo zamani Umeme angeukanyaga huku anatazama pengine. Reinerio akauona. Akaona pia nyuma yake, na nyuma ya nyuma yake, na kwamba kulikuwa na njia tatu, na ile ya kati ilikuwa na tatizo la askari. Alipokumbuka saa, dakika mbili zilikuwa zimekwenda. Akacheza. Akabonyeza. Hatua iliyofuata ikawa vile vile. Wakati fulani mkono wa kushoto ulikuwa unapapasa mfuko wa shati kutafuta kalamu, na mtu aliyekuwa karibu akajifanya hajaona. Wa kulia aliutafuta akaukuta chini ya paja.

"Toa mikono, kaka," Argelio akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Hapa ni kwetu."

Aliitoa. Aliiweka mezani, yote miwili, na ikakaa pale. Kibendera chake kilianguka Yosbel akiwa bado na dakika tatu na zaidi. Zamani mtu akianguka hivyo kibaraza kizima kingepiga mayowe, wangemtania mpaka Krismasi. Hakuna aliyecheka. Fermín alirudi ndani, na mkasi ukaanza kusikika. Hapo ndipo Reinerio alipojua, na alijua moja kwa moja, bila kuandika: kasi hii nayo imekwenda.

Akainuka. Chungwa lilikuwa pale pale, halijamenywa. Akatembea mpaka nyuma ya foleni.

"Nani wa mwisho?"

Argelio akainua kidole bila kugeuka. Reinerio akasimama nyuma yake, akaegemea nguzo, akaanza kuutengeneza upya kichwani ule ubao wa hatua ya tisa, na zile njia tatu, na yule askari. Jua likahama ukuta. Zamu yake ilipokaribia tena alikuwa ameipata hatua aliyopaswa kucheza, na ilikuwa sahihi.